Mwongozo Kamili wa Kusoma Disketi za Kompyuta za Zamani kwa Kutumia Kompyuta ya Leo

Wengi wanaojaribu kufungua disketi za miaka ya 1980 hukwama mahali pamoja. Hununua draivu ya disketi ya USB, huingiza disketi iliyoandikwa kwenye kompyuta ya Amiga au Macintosh, na kompyuta huwajibu kwamba disketi haijafomatiwa, kisha huwauliza kama wangependa ifomatiwe sasa. Baadhi huamini kwamba disketi imekufa na kuitupa. Wengine, na hili ndilo baya zaidi, hukubali, na kila kilichokuwamo hufutika ilhali disketi ilikuwa nzima kabisa.

Jibu lile la kompyuta halisemi lolote kuhusu afya ya disketi. Linasema tu kwamba draivu hiyo haikukuta mpangilio unaoujua. Katika hatua zinazofuata tutaitambua disketi kwanza, tutachukua nakala ya sumaku yake jinsi ilivyo, na baada ya hapo ndipo tutakapoitafsiri nakala hiyo kwa utulivu bila kuigusa tena disketi yenyewe. Mwongozo unahusu disketi za inchi 3.5 na za inchi 5.25. Zile za inchi 8 zinahitaji umeme na adapta za namna nyingine, kwa hiyo sizigusi hapa.

## Vitu vinavyohitajika

- Draivu ya ndani ya inchi 3.5 yenye pini 34, ile iliyokuwa ikifungwa ndani ya kompyuta za mezani. Mafundi wanaofungua kompyuta zilizotumika kwa ajili ya vipuri mara nyingi huwa nazo, na hawaziuzi ghali kwa kuwa hakuna anayeziulizia.
- Kwa disketi za inchi 5.25, draivu ya 1.2 MB yenye njia 80, yaani miduara ambamo data huandikwa. Hii husoma pia disketi za njia 40 na za njia 35, mradi ufuate maelekezo ya hatua ya sita.
- Kidhibiti, yaani kibao kinachounganisha draivu na kompyuta, kinachosoma mapigo ya sumaku badala ya sekta (vipande vya data vinavyounda kila njia). Ninapendekeza Greaseweazle, kwa sababu usanifu wake uko wazi kwa umma, bei yake ni ndogo, na programu yake inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. KryoFlux, SuperCard Pro na Applesauce ni mbadala halali, lakini amri zilizo hapa chini ni za Greaseweazle.
- Kebo bapa ya pini 34, pamoja na chanzo cha umeme. Draivu nyingi za inchi 3.5 zinatosheka na volti 5. Za inchi 5.25 huhitaji volti 12 pia.
- Alkoholi ya isopropili yenye ukali wa asilimia 99 na vijiti vya pamba visivyoacha nyuzi.
- Disketi moja ya majaribio isiyo na thamani yoyote.
- Programu za bure: gw ya Greaseweazle, mtools, hfsutils, cpmtools, unadf, na c1541 inayokuja pamoja na VICE (kiigizo, yaani programu inayoiga kompyuta za Commodore). Kwa Apple II, chukua CiderPress au AppleCommander.
- Daftari. Utaandika namba ya kila disketi, maneno yote yaliyo kwenye lebo, na matokeo ya kila jaribio. Majina ya faili pekee hayatakukumbusha lolote baada ya disketi ya ishirini.

## Mahali ambapo uelewano huvunjika

Ili disketi isomeke, mambo manne lazima yapatane: umbo lake na aina ya sumaku iliyopakwa, jinsi biti zinavyogeuzwa kuwa mapigo ya sumaku, yaani usimbaji, jinsi njia zinavyogawanywa katika sekta, na mfumo wa faili unaosema faili ipi iko katika sekta zipi. Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu ni Kiswahili kamili, lakini aliyefundishwa herufi za Kirumi peke yake ataona mistari na nukta tu. Disketi ya Amiga ndani ya draivu ya USB iko katika hali hiyo hiyo.

Usimbaji uliokuwa ukitumika ni wa aina tatu: FM, ambao ndio wa zamani zaidi na hubeba data kidogo, MFM, ambao IBM PC, Atari ST na Amiga wanautumia, na GCR, ambao Apple na Commodore waliuchagua, kila mmoja kwa namna yake. Kidhibiti cha kawaida cha PC kimejengwa kwa MFM. GCR hakiielewi kabisa, na hakuna programu inayoweza kukifundisha, kwa kuwa tafsiri inafanyika ndani ya maunzi. Ndiyo sababu kutafuta “programu ya kusoma disketi za Macintosh 800 KB kwa draivu ya USB” ni kupoteza muda.

## Hatua ya 1: Zuia maandishi kabla ya jambo lolote

Kwenye disketi ya inchi 3.5, sogeza kile kigae kidogo cha plastiki hadi tundu libaki wazi. Tundu likiwa wazi, draivu haitaandika. Kwenye disketi ya inchi 5.25 kanuni ni kinyume: pengo lililo ubavuni likiwa wazi, kuandika kunaruhusiwa, kwa hiyo lifunike kwa kipande cha utepe usiopitisha mwanga.

Usitumie utepe angavu wa ofisini, kwa sababu draivu nyingi hutambua pengo hilo kwa mwanga na zitaona kana kwamba hujaweka kitu.

Umefanikiwa iwapo utaijaribu disketi yako ya majaribio kwa njia hiyo hiyo na kompyuta ikakataa kuiandikia. Fanya jaribio hilo kweli, kwani draivu kuukuu yenye kihisi kilichoharibika inaweza kuandika juu ya disketi iliyolindwa.

## Hatua ya 2: Kagua uso wa disketi

Vuta taratibu kifuniko cha chuma cha disketi ya inchi 3.5, kisha uzungushe kitovu kwa kidole huku ukitazama uso wa duara kwenye mwanga unaoangaza kwa pembeni. Uso mzuri ni laini, wa rangi moja, wa kahawia au mweusi. Madoa meupe au ya kijivu yaliyotawanyika ni kuvu, na disketi zilizohifadhiwa kwenye unyevu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za pwani, zinapatwa na tatizo hili mara kwa mara. Miduara inayong’aa ni mahali ambapo kichwa cha draivu kimekwangua sumaku, na data iliyokuwa pale haipo tena.

Disketi yenye kuvu isiingizwe kwenye draivu kabla ya kusafishwa. Kuvu itashika kwenye kichwa, nacho kitakwangua disketi hiyo na zote zitakazofuata. Lowanisha kijiti cha pamba kwa alkoholi, ukipitishe kwa wepesi juu ya uso huku ukizungusha kitovu, ubadilishe kijiti kila kinapochafuka, na uache ikauke kabisa. Pande zote mbili zinahitaji kusafishwa.

## Hatua ya 3: Tambua mashine iliyoiandika

Hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa, kwa hiyo usiharakishe. Anza na lebo, kwa sababu hata jina la programu lililoandikwa kwa kalamu laweza kutosha: Workbench ni Amiga, WordStar mara nyingi ni CP/M au PC, MacWrite ni Macintosh. Kisha tazama disketi yenyewe. Disketi ya inchi 3.5 yenye tundu la pili, upande ulio mkabala na kile kigae cha ulinzi, ni ya HD (msongamano mkubwa wa data). Isiyo nalo ni ya DD (msongamano mdogo zaidi). Disketi ya inchi 5.25 yenye mapengo mawili, moja kila ubavu, iligeuzwa ili itumike pande zote kwenye draivu ya upande mmoja, na mara nyingi ilitumika kwenye Commodore 64 au Apple II.

Linganisha ulichokiona na maelezo haya.

IBM PC na jamaa zake. Ni MFM yenye sekta za baiti 512. Disketi ya inchi 5.25 ya 360 KB ina njia 40 na sekta 9 kwa kila njia, pande mbili. Ile ya 1.2 MB, iliyokuja na PC AT mwaka 1984, ina njia 80 na sekta 15. Za inchi 3.5 zina njia 80, zikiwa na sekta 9 kwa 720 KB na sekta 18 kwa 1.44 MB. Zile za mwaka 1981 zilikuwa za upande mmoja, sekta 8, jumla 160 KB.

Atari ST. Inafanana na PC kwa usimbaji, kwa sekta na karibu kwa mfumo wa faili. Tofauti inayosumbua ni kwamba matoleo ya mwanzo ya TOS, mfumo wa uendeshaji wa Atari, hayakuweka katika sekta ya kwanza alama ambazo MS-DOS, mfumo wa PC, huzitazamia, hivyo PC hukataa disketi ambayo kwa kila jambo lingine ingeisoma. Wengine pia walifomati kwa sekta 10 au 11 ili wapate nafasi zaidi.

Amiga. Ni MFM, lakini huandika njia nzima kwa mkupuo mmoja, sekta 11 zikiwa zimebanana bila alama za utambulisho ambazo kidhibiti cha aina ya IBM huzitafuta kabla ya kila sekta. Matokeo yake ni 880 KB kwenye disketi ambayo PC hupata 720 KB.

Macintosh ya 400 KB na 800 KB. Ni GCR, na draivu yake hubadilisha mwendo wa kuzunguka kulingana na mahali kichwa kilipo. Njia 80 zimegawanywa katika kanda tano za njia 16, sekta zikipungua kutoka 12 kwa njia za nje hadi 8 kwa njia za ndani. Disketi ya Macintosh ya 1.44 MB ni habari nyingine kabisa: hiyo ni MFM sawa na ya PC, na kinachotofautiana ni mfumo wa faili tu.

Commodore 64 na draivu yake ya 1541. Ni GCR ya upande mmoja, njia 35, sekta 21 kwa njia za nje zikishuka hadi 17 kwa njia za ndani, jumla sekta 683 za baiti 256.

Apple II. Ni GCR, njia 35, sekta 16 za baiti 256, yaani 140 KB. Zilizoandikwa kwa DOS 3.2 ya Apple au iliyotangulia zina sekta 13.

BBC Micro yenye DFS, mfumo wake wa faili. Ni FM, sekta 10 za baiti 256, njia 40 au 80.

CP/M. Huu ni mfumo wa uendeshaji, si fomati ya disketi, na tofauti hiyo imewatesa watu wengi. Kila kiwanda kilichagua mpangilio wake: Osborne 1 ilitumia FM yenye sekta 10 za baiti 256, ilhali Kaypro II ilitumia MFM yenye sekta 10 za baiti 512, na zote mbili ziliendesha CP/M kwenye disketi za inchi 5.25 zinazofanana kwa macho. Bila kujua jina la mashine, kusema “disketi ni ya CP/M” hakukufikishi popote.

Umefanikiwa ukiwa na jina la mashine moja, au zisizozidi mbili, kwenye daftari kando ya namba ya disketi.

## Hatua ya 4: Amua kama draivu ya USB inatosha

Draivu ya USB inatosha kwa disketi za inchi 3.5 za PC, za 1.44 MB, na kwa kawaida za 720 KB, ingawa zipo draivu za USB ambazo hata 720 KB haziziwezi. Inatosha pia kwa Macintosh ya 1.44 MB na kwa nyingi za Atari ST. Kwa nyingine zote nenda moja kwa moja hatua ya tano.

Kwenye Linux, chukua taswira nzima kwanza, yaani faili moja lenye nakala ya sekta zote za disketi, badala ya kunakili faili moja moja. Amri `lsblk` itakuonyesha jina la kifaa. Tafuta chenye ukubwa wa takriban 1.4 MB na uhakikishe mara mbili, kisha:

`dd if=/dev/sdb of=disketi01.img bs=512`

Taswira ya disketi ya 1.44 MB inapaswa kuwa na baiti 1,474,560 kamili, na ya 720 KB baiti 737,280. Ikikatika njiani kwa hitilafu ya kusoma, tumia `ddrescue`, ambayo huruka sehemu mbovu na kuzirudia baadaye.

Kuna mtego mmoja ambao ningependa kila mtu aujue. Watumiaji wengi wa Amiga na Atari walinunua disketi za HD na kuzifomati kama DD, kwa kuwa draivu zao hazikulijali tundu la pili. Draivu ya kisasa huliona tundu hilo, huamini kwamba data imeandikwa kwa kasi ya HD, na haikuti chochote. Funika tundu la HD kwa utepe mweusi na ujaribu tena; disketi ya Atari iliyokataa kabisa inaweza kufunguka papo hapo.

## Hatua ya 5: Unganisha draivu na kidhibiti

Zima umeme wote. Unganisha kebo bapa ukifuata ule mstari mwekundu, ambao ndio upande wa pini namba 1, kwenye kidhibiti na kwenye draivu pia. Kebo za PC zina sehemu ambapo baadhi ya nyaya zimepindwa. Draivu iliyo baada ya msokoto huo ndiyo A, na iliyo kabla yake ndiyo B. Programu ya gw huchukulia kwamba unatumia A, hivyo kama kebo yako haina msokoto, ongeza `--drive=b` kwenye kila amri ya kusoma au kuandika, na kwenye `gw rpm` pia.

Washa umeme. Taa ya draivu ikiwaka na kubaki imewaka bila amri yoyote, kebo imegeuzwa. Zima, igeuze upande mmoja, uwashe tena; kwa kawaida kosa hilo haliharibu kitu, lakini usiingize disketi ya thamani taa ikiwa katika hali hiyo.

Toa amri `gw info`, ambayo inapaswa kukuonyesha toleo la kidhibiti. Kisha ingiza disketi ya majaribio na utoe `gw rpm`. Draivu ya inchi 3.5 inapaswa kuonyesha mizunguko inayokaribia 300 kwa dakika. Ile ya inchi 5.25 ya 1.2 MB huzunguka 360. Namba inayopanda na kushuka ovyo ni dalili ya mkanda uliolegea au mota iliyochoka, na draivu ya namna hiyo itakupa makosa ambayo utaisingizia disketi bure.

## Hatua ya 6: Chukua mapigo ya sumaku bila kuyatafsiri

Wengi hutaka kupata faili mara moja na kuanza na amri ya kutafsiri. Disketi ya zaidi ya miaka 30 inaweza kupukutika kila inapozunguka, na usomaji wa kwanza ndio ulio na nafasi kubwa zaidi ya kufaulu. Ukiwa na mapigo yote ndani ya faili, unaweza kukosea tafsiri upendavyo na kurudia bila kuigusa disketi.

Kwa disketi ya inchi 3.5:

`gw read --revs=5 disketi01.scp`

Sehemu ya `--revs=5` inaagiza kila njia isomwe kwa mizunguko mitano, ili sekta dhaifu ipate nafasi zaidi ya kusomeka.

Kwa disketi ya inchi 5.25 ya njia 40 ndani ya draivu ya njia 80, kichwa lazima kiruke hatua mbili mbili:

`gw read --revs=5 --tracks="c=0-39:h=0-1:step=2" disketi02.scp`

Kwa disketi za upande mmoja kama za Commodore 64 na Apple II, badilisha `h=0-1` iwe `h=0`. Disketi iliyogeuzwa ina ugumu wake: ukiigeuza, kitundu cha kuonyesha mwanzo wa mzunguko hakiangukii tena kwenye kihisi cha draivu, na draivu nyingi za PC hukataa kutoa data bila kihisi hicho kupata ishara. Soma upande wa kwanza, uandike kwenye daftari kwamba upande wa pili unasubiri draivu iliyorekebishwa kwa kazi hiyo, na uendelee.

Sikiliza wakati wote. Mlio mkali wa kukwaruza maana yake ni kwamba sumaku inabanduka: toa disketi mara moja, safisha vichwa kwa alkoholi, na urudi hatua ya pili. Safisha vichwa pia kila baada ya disketi chache hata kama hujasikia kitu.

Ukimaliza utakuwa na faili la makumi ya MB. Kutokuonekana kwa kosa lolote hakuthibitishi kwamba disketi imesomeka vizuri, kwa sababu hadi hapa hakuna kilichotafsiriwa.

## Hatua ya 7: Geuza mapigo kuwa taswira ya sekta

Sasa tumia ulichokiandika katika hatua ya tatu. Kwa Amiga:

`gw convert --format=amiga.amigados disketi01.scp disketi01.adf`

Majina mengine utakayoyahitaji mara nyingi ni `ibm.360`, `ibm.720`, `ibm.1200`, `ibm.1440`, `atarist.720`, `mac.400`, `mac.800` na `commodore.1541`. Taswira za PC zipe mkia wa `.img`, za Atari `.st`, za Commodore `.d64`.

Kila njia inapopita, programu huonyesha sekta zilizopatikana, kwa mfano 11/11 kwa Amiga, na mwishoni huchora ramani ambamo nukta ni sekta nzima na X ni iliyokosekana. Disketi nzima ya Amiga inafikia sekta 1,760 kati ya 1,760. Usitegemee ukubwa wa faili kama ushahidi: programu huijaza nafasi ya sekta iliyokosekana ili taswira ifikie urefu wake. Wala ukubwa hautambulishi mashine, kwani disketi ya Macintosh ya 800 KB na ya kompyuta ya Acorn Archimedes zote hutoa baiti 819,200 kamili, ingawa hazina uhusiano wowote.

Ramani isomwe hivi. Sekta sifuri kwenye njia zote: umechagua fomati isiyo yake, na disketi inaweza kuwa nzima. X chache zilizokusanyika mahali pamoja: huo ni uharibifu halisi, kwa hiyo safisha na usome njia hizo upya. X nyingi zinazoongezeka kuelekea njia za ndani: shuku draivu au vichwa vichafu kwanza. Programu ikilalamika kwamba imekuta sekta isizozitarajia, mara nyingi disketi ni ya njia 40 na umesahau `step=2`.

Lalamiko hilo lina faida kubwa kwa mwenye disketi ya CP/M isiyojulikana, kwa sababu huja na herufi C, H, R na N: njia, upande, namba ya sekta na msimbo wa ukubwa. N ikiwa 0, sekta ni ya baiti 128. 1 ni 256. 2 ni 512. 3 ni 1,024. Jaribu `--format=ibm.scan`, ambayo huchungulia sekta zozote za FM au MFM zilizopo, uhesabu sekta kwa njia, na ulinganishe na mashine zinazojulikana. Sekta 10 za baiti 512 upande mmoja, kwa mfano, zinaelekeza kwenye Kaypro II.

## Hatua ya 8: Toa faili kutoka kwenye taswira

Kwa PC na Atari ST, `mdir -i disketi01.img ::` huorodhesha, na `mcopy -s -i disketi01.img :: .` hunakili vyote kwenye folda uliyomo. Disketi ya Atari ikikataliwa kwa sababu ya sekta yake ya kwanza, weka `MTOOLS_SKIP_CHECK=1` mbele ya amri.

Kwa Macintosh, usitegemee macOS ya leo: tangu toleo la 10.15 la mwaka 2019 haisomi tena HFS, mfumo wa faili wa Macintosh za zamani. Tumia hfsutils: `hmount`, kisha `hls`, kisha `hcopy`. Faili la Macintosh lina sehemu mbili, ya data na ya rasilimali, na ukinakili ya data peke yake programu na fonti zitakufa; kwa hizo tumia `hcopy -m`, inayohifadhi zote mbili ndani ya faili moja. Disketi za 400 KB za mwanzo zina mfumo wa MFS, ambao hfsutils haiusomi, hivyo taswira yake ifungue ndani ya kiigizo cha Macintosh kama Mini vMac.

Kwa Commodore, `c1541 -attach disketi03.d64 -list` huonyesha yaliyomo, na `-extract` huyatoa. Kwa Amiga, tumia unadf au ufungue taswira ndani ya FS-UAE, kiigizo cha Amiga.

CP/M inahitaji subira. Disketi yake haina mahali popote panapoeleza mpangilio wake, hivyo cpmtools huusoma kutoka kwenye faili la maelezo liitwalo `diskdefs`, na wewe huchagua jina la mashine kwa `-f`. Zingatia dalili hii: orodha ya majina ikitoka sawasawa lakini ndani ya faili aya zimevurugika, sentensi ikikatika katikati na kuendelea kurasa mbili mbele, basi umepata mashine inayokaribiana lakini mpishano wa sekta, yaani utaratibu wa kuzipanga, si wenyewe. Jaribu maelezo mengine. Taswira haina kosa.

## Hatua ya 9: Fanya maandishi yasomeke

Faili limetoka lakini limejaa herufi za ajabu. Hapa hakuna tatizo la disketi tena, ni seti ya herufi tu.

Macintosh ya zamani ilimaliza mstari kwa herufi moja ya CR (alama ya kurudi mwanzo wa mstari), hivyo aya zote hutokea kama mstari mmoja mrefu, na herufi zenye alama hutoka vibaya. Amri hii hurekebisha yote mawili:

`tr '\r' '\n' < barua.txt | iconv -f MACINTOSH -t UTF-8 > barua-mpya.txt`

Kwa maandishi ya MS-DOS tumia `iconv -f CP437 -t UTF-8`, ukijua kwamba nchi nyingine zilitumia kurasa nyingine za herufi.

WordStar ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Iliwasha biti ya nane kwenye herufi ya mwisho ya kila neno, kwa hiyo kila neno huonekana kuharibika mwishoni tu. Ukiona mtindo huo, izime biti hiyo:

`LC_ALL=C tr '\200-\377' '\000-\177' < ripoti.ws > ripoti.txt`

Faili za CP/M hujazwa mwishoni kwa baiti yenye thamani 26, ambayo unaweza kuifuta bila hofu kwenye maandishi, lakini usiiguse kwenye programu.

## Hatua ya 10: Kuandika disketi kwa ajili ya mashine ya zamani

Mwelekeo huu una sheria kali zaidi, kwa sababu kusoma kunasamehe mengi ambayo kuandika hakusamehi.

Kwanza ni aina ya disketi. Kwa inchi 5.25, disketi ya HD inahitaji nguvu ya sumaku takriban mara mbili ya ile ya DD, oersted (kipimo cha nguvu ya sumaku) 600 dhidi ya 300, kwa hiyo usifomati HD kama 360 KB. Itakubali leo na kukataa kesho. Kwa inchi 3.5 tofauti ni ndogo, na HD iliyofunikwa tundu huweza kufanya kazi kama DD, lakini ningeitumia kwa kuhamisha faili tu, si kwa kuzihifadhi.

Pili ni upana wa kichwa. Kichwa cha draivu ya 1.2 MB ni chembamba, huandika takriban nusu ya upana wa njia ya draivu ya 360 KB. Kikiandika juu ya disketi iliyokwishatumika kwenye draivu ya 360 KB, masalia ya zamani hubaki pembeni, na draivu pana inaposoma huchanganya ya kale na mapya. Tumia draivu halisi ya njia 40, au disketi ambayo haijawahi kufomatiwa, au iliyofutwa kabisa kwa sumaku ya kufutia.

Mara nyingi hakuna haja ya fomati ya kigeni hata kidogo. Atari ST husoma disketi ya 720 KB iliyofomatiwa kwenye PC. Amiga yenye Workbench 2.1 ya mwaka 1992 au toleo la baadaye ina CrossDOS, programu ambayo hufungua disketi hiyo hiyo kwa jina la PC0:. Macintosh 128K, 512K na Plus haziwezi, kwani draivu zao hazijui MFM. Hapo njia ya wazi ni kupitia Macintosh ya baadaye yenye SuperDrive, draivu ya 1.44 MB ambayo husoma ya PC na kuandika ya 800 KB.

Taswira ya Amiga iandikwe kwenye disketi ya DD kwa:

`gw write --format=amiga.amigados mchezo.adf`

Programu huhakiki kila njia baada ya kuiandika, lakini uhakiki huo unafanywa na kichwa kile kile kilichoandika. Disketi ihesabiwe kuwa imefaulu pale tu mashine ya zamani itakapoifungua kwa draivu yake yenyewe na kulisoma faili kubwa kuliko yote lililomo, kuanzia mwanzo hadi mwisho.